Ukienda Sanje, Anza na Saa ya Kurudi

Mara ya kwanza nilipokwenda kuona maporomoko ya Sanje, nilishuka mlima gizani nikiwa nimemshika mkono mpwa wangu wa miaka 13. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba hadi kamba za kiatu hazifungiki. Tulikuwa watu tisa na tochi mbili, zote za simu, na simu moja ilikuwa imebakiza chaji asilimia 11. Mwongozaji alikuwa mbele. Anatembea hatua kumi, anasimama, anageuka, anamulika mzizi au jiwe, anasema "hapa", tunapita mmoja mmoja, kisha anakwenda tena hatua kumi. Njia tuliyoipanda kwa saa moja na nusu tuliishuka kwa saa tatu. Hata watoto walinyamaza.

Safari ile niliipanga mimi, na kila kilichotufikisha pale ama nilikifanya mimi au nilikiacha mimi. Hiyo ilikuwa 2017. Tangu hapo nimerudi Sanje mara sita, na kila kiangazi kikikaribia ndugu na marafiki hunipigia simu kuuliza. Maswali huwa yaleyale: ni mbali kiasi gani, tuvae nini, tubebe nini, watoto wataweza? Mimi huanza na swali ambalo hawaniulizi: mnataka muwe mmeshafika chini saa ngapi? Wengi hawana jibu. Wamepanga saa ya kuondoka nyumbani, wamepanga chakula, wamepanga hata nguo za kupigia picha, lakini saa ya kurudi wameiacha ijipange yenyewe.

Kwa asiyepafahamu, Sanje iko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa mashariki wa milima, juu ya bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Hifadhi ilianzishwa 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za magari kama Mikumi au Serengeti. Unatembea kwa miguu. Maporomoko yanashuka kwa hatua tatu, jumla yake mita 170. Ukiwa barabara ya kwenda Ifakara, yanaonekana kwa mbali kama uzi mweupe uliotundikwa kwenye ukuta wa kijani. Uzi huo ndio unaowadanganya watu. Unauona ukiwa kwenye kiti cha basi, unasema pale si hapo tu, nusu saa tumefika. Nusu saa yako itakuishia ukiwa bado chini kabisa, shati limeshalowa jasho na mlima wenyewe hujauanza.

Mzunguko mzima, kwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, watu wa hifadhi huhesabu kama saa nne. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haina mtoto anayetaka kukojoa, haina shangazi anayepumzika kila kona, wala haina ile saa nzima mtakayokaa kando ya maji kwa sababu baada ya kupanda vile hakuna anayekubali kuondoka. Kwa kundi la familia mimi nahesabu saa sita. Kwa vijana wenye mazoezi, tano.

Sasa liangalie jua. Huku kwetu jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, kwa hiyo mtu anajiambia ana mwanga hadi saa kumi na mbili. Akiwa Sanje hana. Milima iko magharibi mwa njia, na jua likishaanza kuinama linajificha nyuma ya kilele mapema, kati ya saa kumi na saa kumi na moja kutegemea uko sehemu gani. Kule chini kwenye mashamba ya miwa bado ni mchana mweupe, watu wanapalilia, na wewe msituni umeshaingia kivulini. Juu ya kivuli cha mlima kuna kivuli cha miti, maana msitu huu umefunga kutoka chini kabisa hadi juu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu siku ile, nilikuwa sioni vizuri ninapokanyaga, na nilipochungulia bondeni kupitia pengo la miti niliona mabati ya nyumba yanang'aa kwa jua. Hilo lilinishangaza kuliko kitu kingine chochote siku ile. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba usiku unaweza kuingia upande mmoja kabla ya mwingine.

Kwa hiyo hesabu zangu huzianza mwisho. Nataka kila mtu awe chini saa kumi alasiri. Toa saa sita, unapata saa nne asubuhi kuwa ndiyo mwisho kabisa wa kuanza kupanda. Toa saa moja nyingine ya dharura, inabaki saa tatu. Ili uanze saa tatu ni lazima uwe umeshalipa na kukutana na mwongozaji, kwa hiyo uwe ofisini saa mbili kasorobo au saa mbili. Na mtu wa Morogoro mjini, achilia mbali wa Dar es Salaam, hawezi kuwa ofisini Udzungwa saa mbili asubuhi akiwa ametoka kwake siku hiyohiyo, labda aondoke usiku wa manane. Jibu la hesabu hii yote ni kwamba unalala Mang'ula, palipo makao makuu ya hifadhi. Safari ni ya siku moja, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo ni sehemu yake.

Sisi 2017 tuliondoka Morogoro saa mbili asubuhi tukajiona tumewahi. Hapo ndipo tulipoanza kuchelewa.

Barabara yenyewe inakula muda kuliko ramani inavyoonyesha. Ukitoka Morogoro kuelekea Mikumi, kuna kilomita 50 ambazo barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na humo ndani unakwenda taratibu, kwa sheria na kwa usalama wa wanyama. Twiga na tembo huvuka pale. Ukifika Mikumi mjini unakata kushoto kuelekea Kidatu. Kiangazi ndio msimu wa kuvuna miwa, kwa hiyo karibu na Kidatu utakuta matrekta yanavuta matela ya miwa, moja nyuma ya jingine, na huwezi kuyapita kila mahali. Zamani kutoka Kidatu kwenda mbele ilikuwa vumbi na mashimo. Siku hizi kuna lami na safari imekuwa nyepesi sana, ila matrekta ni yaleyale.

Wa Dar es Salaam wana nafuu mpya: treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024. Ukishuka stesheni unachukua bajaji hadi stendi ya Msamvu, pale unapata basi la Ifakara. Mwambie kondakta unashuka Mang'ula, na ukishaketi muulize habari za kurudi: siku unayotaka kuondoka, gari la mwisho kupita ni saa ngapi? Usimuulize siku ya kurudi yenyewe, ukiwa umesimama barabarani na tope magotini. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ina stesheni Mang'ula, na nina rafiki anayeipenda treni ile kwa mandhari yake. Kwa safari yenye saa ya kutimiza, siitegemei.

Kuna kosa ambalo wengi hulifanya, na sisi tulilifanya. Njia ya kupandia iko kijiji cha Sanje. Ukitokea Mikumi unaipita Sanje kwanza, unaona maporomoko, unaona kibao, unashuka. Lakini usajili na malipo viko makao makuu ya hifadhi Mang'ula, kama kilomita tisa mbele. Tulishuka pale na mabegi yetu, askari wa hifadhi akatusalimia vizuri, akatuelekeza Mang'ula, tukaanza kutafuta usafiri wa watu tisa. Pikipiki zilikuwa mbili. Hadi wa mwisho anafika ofisini ilishapita saa saba. Kisha ikaja zamu ya malipo. Hawapokei pesa mkononi, unapewa control namba, unalipa kwa simu au benki. Mtandao wa simu ukawa unakwenda na kurudi, mmoja wetu hana salio la kutosha, mwingine pesa zake ziko kwenye laini nyingine. Mguu wa kwanza ulikanyaga njia ya mlimani saa nane na dakika ishirini.

Ndiyo maana nasema piga simu hifadhini siku chache kabla. Uliza ada ya mwaka huo na gharama ya mwongozaji, maana hubadilika. Waambie mko wangapi na watoto wangapi, uliza kama njia imefunguliwa yote. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa sababu ada ya raia na ada ya mgeni hazifanani hata kidogo na hakuna atakayekuamini kwa lafudhi tu. Pesa ya wote ikae kwenye laini moja ya mtu mmoja, lipieni siku ya kuwasili jioni. Jambo hilo likiisha jana yake, asubuhi inabaki ya mlima tu.

Mang'ula kuna gesti za bei zote. Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujalipa chumba: chandarua. Kilombero ni bonde la maji na mpunga, na mbu wake si wa kuchezea. Watafiti wa malaria wameweka kambi Ifakara miaka mingi si kwa bahati mbaya. Chandarua kikiwa na tundu, omba kingine au hama. Kisha kula vizuri jioni hiyo. Wali wa mchele wa Ifakara na samaki wa mto, umeshiba, umelala saa tatu.

Kuhusu miguu nitasema kidogo zaidi, kwa sababu mguu ndio uliotuponza.

Mpwa wangu alikuwa amevaa raba nzuri. Zilikuwa safi, nyeupe, za kwenda nazo kanisani. Nilizitazama asubuhi nikasema ni raba, zinafaa. Nilichokuwa sijafanya ni kuzigeuza. Nyayo zilikuwa zimelika, laini kama kiganja. Msituni Udzungwa njia ina vitu vitatu vinavyokuja pamoja: udongo mwekundu unaoshika maji, mizizi iliyong'aa kwa kukanyagwa, na majani makavu yaliyolala juu ya mawe. Hayo majani ndiyo mabaya. Unaona jani kavu unalikanyaga kwa imani, chini yake kuna jiwe lenye ukungu. Kupanda si tatizo kubwa, maana uzito wako uko mbele na mikono iko karibu na ardhi. Ni wakati wa kushuka, mapaja yameanza kutetemeka, ndipo kiatu kinaposema ukweli. Yeye aliteleza kwenye jiwe dogo tu, si kubwa kuliko sufuria ya ugali, mguu ukaingia kati yake na mzizi. Nilisikia alivyovuta pumzi kabla hajalia.

Siku hizi usiku wa kuamkia safari napanga viatu vya wote mlangoni, nageuza kimoja kimoja na kupitisha kidole gumba kwenye meno ya nyayo. Kidole kisipozama, kiatu hicho hakipandi. Si lazima ununue buti za bei mbaya. Kwenye mitumba ya Morogoro unapata raba zenye meno kwa bei ya kawaida, ila zinunue wiki mbili kabla na utembee nazo sokoni na kazini hadi zikuzoee. Soksi nene. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, maana wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hufanya damu ivilie chini yake. Yeboyebo weka kwenye begi kwa ajili ya majini tu. Na suruali ichomekwe ndani ya soksi, siafu wakiwa njiani utanishukuru.

Bandeji pana ya kufungia kifundo ina uzito kama wa kitambaa cha mkono. Siku ile hatukuwa nayo, tukafunga kwa mtandio wa wifi yangu. Ulisaidia, lakini ulikuwa unalegea kila baada ya dakika kumi. Sasa nabeba bandeji mbili, plasta, dawa ya maumivu, pakiti mbili za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), filimbi, na tochi ya kichwani moja kwa kila watu watatu hata kama tunaondoka saa tatu asubuhi. Hasa kama tunaondoka saa tatu asubuhi, kwa sababu hapo ndipo mtu anaposema tochi ya nini.

Maji, lita mbili kwa mtu mzima na moja na nusu kwa mtoto. Kule chini, kabla hujafika kwenye ubaridi wa msitu wa juu, kuna joto lenye unyevu linalokamua. Gawaneni mzigo, kila mtu abebe ya kwake, msimpe mtu mmoja mwenye nguvu abebe ya wote kisha akatangulia. Chakula kiwe chepesi na kikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga za chumvi. Wali na mchuzi mliobeba kwenye hotipoti mtaula chini mkirudi. Mkikaa kula, begi lifungwe zipu. Nyani na tumbili wa maeneo yenye wageni wamejifunza mabegi, na nyani anayepata chapati ya mtu leo kesho atamkwaruza mtoto kwa ajili ya chapati. Maganda ya mayai, chupa, karatasi, vyote vinashuka na nyie.

Kuhusu wanyama, msitegemee kuona kama mbugani. Mtasikia zaidi. Udzungwa ina mbega wekundu wasiopatikana mbali na milima hii na bonde la Kilombero, na ina nyani anayeitwa mangabei wa Sanje, aliyepewa jina la mahali hapahapa. Wenyeji walikuwa wanamfahamu na wana jina lake, lakini wanasayansi hawakumtambua hadi 1979, ilhali barabara na vijiji viko chini ya mlima palepale. Mwombe mwongozaji awasimamishe mkae kimya dakika tano. Mara ya tatu kwenda ndipo nilipomsikia: sauti ya kupaa, kisha kama mtu anayesukutua maji kooni kwa nguvu. Watoto walijiziba midomo kuzuia kicheko. Tembo nao hupita njia zilezile, mtaona kinyesi chao. Mwongozaji akisema simameni, simameni kwanza, maswali baadaye.

Mwongozaji huyo mwambieni ukweli kabla hamjaanza. Nani ana presha, nani ana pumu, nani goti lake bovu, nani hajawahi kupanda hata ngazi za ghorofa tatu. Watu huficha kwa aibu. Mimi humwita pembeni nikamwambia, na tunakubaliana anayechoka mapema atembee wa pili, nyuma yake tu. Akiwa wa mwisho, kila kundi likisimama kumsubiri, yeye anafika na wenzake wameshapumzika wanaanza kuondoka. Hapumziki kamwe. Akiwa wa pili, mwendo unakuwa wake, na vijana wenye haraka watavumilia.

Na sasa saa ya kugeuka. Kwangu ni saa saba mchana. Popote tulipo ikifika saa saba, tunageuka. Nawaambia wote usiku wa jana yake, tukiwa tumeketi tumetulia, wanaitikia. Kuitikia jana yake ni rahisi.

Mara ya pili nilipokwenda tulikuwa sita. Mama mmoja katika kundi alikuwa ametoka kuugua bila kutuambia, akawa anakaa kila mahali. Saa saba ilitukuta tukiwa tunasikia maporomoko lakini hatuyaoni. Sauti ilikuwa karibu kiasi kwamba tulikuwa tunapaza zetu. Hewa ilishakuwa ya baridi, majani yana matone. Binamu yangu akasema tumalizie, ni dakika ishirini tu hizo. Mimi mwenyewe miguu ilikuwa inataka kwenda. Nilimtazama mwongozaji, kijana wa palepale, nikitumaini ataniamulia. Akaniuliza, "Dada, jana mlikubaliana saa ngapi?" Nikamwambia saa saba. Akasema, "Basi ni saa saba. Maji hayahami."

Tulikaa pale robo saa, tukala chapati zetu tukisikiliza maji tusiyoyaona, tukashuka. Saa tisa na nusu tulikuwa chini. Binamu alininunia hadi Mikumi. Saa kumi na mbili kasoro, tukiwa ndani ya gari, mvua kubwa ikashuka ambayo hakuna aliyeitarajia mwezi ule, na niliutazama mlima kwa dirisha la nyuma ukiwa umezama wote kwenye wingu. Mama yule alilala safari nzima ameegemea bega langu.

Kuhusu mvua: miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Maji hupungua kadiri kiangazi kinavyokaza, lakini hayakauki, na njia inashikika. Machi hadi Mei ni masika, maji ni mengi ya kutisha na njia ni sabuni; sijaenda na sitaenda wakati huo na familia. Lakini hata kiangazi milima hii hujitengenezea mvua yake. Inaweza kunyesha juu, wewe uko chini ya jua.

Hapo ndipo nataka usome polepole. Chini ya maporomoko kuna mabwawa ambayo watu huogelea, na kuingia mle baada ya kupanda ni raha ambayo siwezi kuieleza. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi, kwa hiyo ingia taratibu kwa miguu, usijirushe. Kwanza baridi ile humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na akivuta akiwa chini ya maji anavuta maji. Pili huoni mawe. Usiende chini ya maji yanayoanguka yenyewe, kwa sababu maji hayo hubeba vijiti na mawe kutoka juu. Kabla mtu yeyote hajaingia, mimi huchagua jiwe moja ukingoni, naangalia maji yamefika wapi juu yake, napiga picha. Kila baada ya dakika chache mtu mzima mmoja ambaye haogelei analitazama jiwe lile. Maji yakipanda hata upana wa vidole vitatu, au yakianza kubadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, au majani na vijiti vikaanza kuja kwa wingi, au mngurumo ukabadilika, kila mtu anatoka, na anatokea upande wa njia ya kurudi, si upande wa pili. Hakuna kurudi kuchukua kiatu. Mvua ya juu hufika chini bila kuaga.

Na ule ukingo wa juu, pale maji yanapoondoka kwenye jiwe kwenda chini na bonde lote la Kilombero limelala mbele yako, miwa, mpunga na barabara kama kamba: tazama ukiwa umesimama kwenye udongo mkavu, nyuma ya pale mwongozaji anaposimama. Jiwe linalolowa kila siku huota utando usioonekana kwa macho. Simu ikianguka, iache. Watoto wawe wameshikwa mkono na mtu asiyepiga picha. Picha nzuri hata hivyo ni za asubuhi, kwa sababu maporomoko yanatazama mashariki na jua la saa nne huyapiga usoni. Mchana ukisogea yanaingia kivulini na kwenye picha yanatoka ya kijivu.

Watoto? Kuanzia miaka tisa au kumi, kama wamezoea kutembea. Wadogo zaidi wapelekeni kwenye maporomoko mafupi yaliyo karibu na makao makuu Mang'ula. Hamhitaji siku nzima na bado watalowa na kufurahi. Wazee wetu nao wanaweza, nimemwona babu wa miaka 70 na fimbo yake akiwaacha vijana, ila apande kwa mwendo wake na saa ya kugeuka imhusu na yeye.

Kitu cha mwisho ninachofanya kabla ya kuacha mtandao ni kumwandikia dada yangu, anayebaki Morogoro. Msituni simu hukatika, kwa hiyo ujumbe unatoka tukiwa bado kijijini. Huwa naandika hivi: "Tuko wanane. Tunapanda Sanje sasa hivi, saa tatu. Tutakuwa chini saa kumi. Ikifika saa kumi na mbili jioni hujanisikia, piga namba ya hifadhi niliyokuachia mlangoni pa friji." Naye ameapa hatapiga kabla ya hapo hata kama roho inamuenda mbio, na hatachelewa hata dakika moja baada ya hapo.

Mara ya mwisho nilimtumia "tumeshuka wote" saa tisa na dakika arobaini, nikiwa nimekaa kwenye benchi la duka nasafisha tope kwa kijiti. Mpwa wangu alikuwa pembeni yangu, mtu mzima sasa, viatu vyake amevipindua chini juu jua livikaushe. Dada akajibu hapohapo: "Maji yalikuwa mengi?"